Kioo cha Njano cha Ghorofa ya Tatu

Kwenye ngazi za nyumba yetu ya Weißensee, Berlin, kila ghorofa ina dirisha la vioo vya rangi, chekundu, cha kijani na cha njano, vimepangwa kama vya kanisa la maskini. Ghorofa ya tatu kioo kimoja ni cheupe tu. Tangu utotoni nilikuwa nikiuliza nani alikivunja, na kila mtu alinijibu lake. Mama alisema ni mpira. Bwana Matuschek, muuza makaa ambaye duka lake liko chini ya ardhi, mlangoni mwa ua, alisema kuna mpangaji aliyetaka kujirusha nje akabadili nia njiani. Nilipofikisha miaka kumi na tano ndipo nikamuuliza mtu aliyekuwa akijua, na mtu huyo mlango wake unatazamana na dirisha lenyewe.

"Ni mimi," alisema Mjomba Rehbein. "Ila sikukivunja. Nilikitoa kwa kisu cha siagi, taratibu, Julai mwaka 1913. Nilikusudia kukirudisha."

Watoto wote wa ua wetu humwita mjomba, ingawa hana mpwa hata mmoja. Jina lake kamili ni Ottokar Rehbein, ana miaka hamsini na sita, na kazi yake ni kuchana tiketi mlangoni mwa sinema ya Bi Kubisch, pale kona. Anachana katikati kabisa, halafu anakurudishia nusu yako kama mtu anayekukabidhi barua ya serikali. Nilijua kwamba zamani aliigiza filamu. Hilo halishangazi mtu, maana zamani filamu zilitengenezwa hapa kwetu, na hakuna ngazi isiyo na mtu aliyewahi kusimama nyuma ya farasi kwenye picha fulani. Lakini habari ya kioo nilikuwa sijaisikia, na mimi swali likishaniingia halitoki. Nikamfuata wiki mbili nzima, akimenya viazi, akitia soli viatu vyake, akifagia ukumbi kabla watu hawajaingia. Mengi aliniambia bila kuombwa mara mbili.

Alizaliwa Zeitz, mji wa mafundi wa vigari vya watoto. Baba yake alitengeneza magurudumu ya vigari hivyo, na yeye akayatengeneza pia mpaka alipofika miaka kumi na tisa, akaja Berlin kuwa mwigizaji wa jukwaani. Huko jukwaani alibeba mkuki. Miaka kumi na sita alibeba mkuki, akabeba taa, akabeba maiti, na mara moja alipewa maneno ya kusema: "Bwana, farasi wako tayari." Anasema aliyasema vizuri. Kesho yake mchezo ulifungwa.

Mwaka 1910 alikwenda kwenye filamu. Enzi hizo watu wa jukwaani waliidharau filamu, na aliyekwenda huko alikwenda kofia imeshuka hadi puani. Yeye alikwenda kwa sababu jiko lake lilikuwa na siku nne halijawashwa. Kampuni ilikuwa na jumba la vioo, kuta vioo na paa vioo, kwa sababu walipiga picha kwa jua. Wakamweka kwenye harusi, mgeni wa tatu kutoka kushoto, ale keki.

"Nikala keki," aliniambia. "Hilo tu. Baada ya wiki mbili tajiri wa kampuni akaniita. Akasema, 'Rehbein, mbona hukuniambia wewe ni kipofu?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia saa ya ukutani nyuma yako inasema saa nne na robo, na kalenda yako iko nyuma siku mbili. Akasema, 'Basi njoo ujione.'"

Kumbe filamu za siku zile hazikuijua buluu. Kitu cha buluu kilitoka cheupe, na chekundu kilitoka cheusi. Ndiyo maana waigizaji walipakwa rangi ya njano uso mzima, la sivyo mashavu yangetoka kama yamepigwa ngumi. Sasa Mjomba Rehbein ana macho ya buluu iliyochujuka, kama shati lililofuliwa miaka ishirini, na kwenye jua lile la jumba la vioo mboni zake zilinywea zikawa kama tundu la sindano. Kwenye picha macho yalitoka meupe matupu. Fikiria harusi, watu wanacheka, na kati yao amesimama mtu na keki yake, macho mawili kama mayai ya kuchemsha. Watazamaji walimsahau bibi harusi. Wote waliuliza yule kipofu ni nani.

Tajiri hakuwa mjinga. Kuanzia hapo Rehbein akawa kipofu. Aliigiza kipofu wa mgodini, kipofu wa mlango wa kanisa, baba kipofu wa binti mwizi, nabii kipofu, mpiga tarumbeta kipofu. Filamu ishirini na mbili kwa miaka minne. Mkataba ulisema akitoka nje ashike fimbo, na asisome gazeti mbele za watu. Kwenye tramu walimpisha kiti. Siku moja polisi alimshika mkono akamvusha barabara ambayo hakutaka kuivuka. Kwa heshima ya mkataba akavuka, akangoja polisi apotee, akaanza kurudi, na polisi wa upande wa pili akamshika akamrudisha kulekule.

"Nilichelewa kazini nusu saa," alisema. "Tajiri alinifokea mbele ya farasi."

Kuongoza filamu kulimjia vilevile, bila kuomba. Mwaka 1912 mwongozaji wao alichukuliwa na kampuni nyingine, asubuhi, watu wote wameshapakwa rangi. Tajiri akasema, Rehbein, wewe husimama tu, basi ongoza. Akaongoza huku anaigiza. Kwa kuwa kipofu hatakiwi kumtazama mtu, aliongoza kwa masikio: kwa kishindo cha kiatu alijua nani amesimama pake na nani amezidisha hatua. Na kwa kuwa filamu haikuwa na sauti, aliwapa amri katikati ya kilio, midomo haitikisiki. "Adele, kushoto. Adele, unamkanyaga mbwa." Huyo Adele Tornow ndiye aliyekuwa binti yake, au mkewe, au malaika wake, kutegemea na filamu. Baadaye aliolewa Stettin na mwenye duka la kamba, na hana tena hamu na mambo haya.

Katika filamu zote alizoongoza, moja tu aliitunga mwenyewe. Ni ya mzee kipofu anayezunguka kwenye nyua za watu na kinanda cha kuzungusha, akiongozwa na binti wa mfua nguo. Mwishoni daktari anampasua macho, bandeji inafunguliwa, na mzee anamwona binti kwa mara ya kwanza.

"Tatizo umeliona?" aliniuliza.

Sikuliona.

"Irma, mimi nimepona, lakini kwenye picha macho ni yaleyale mayai. Mtazamaji atajuaje kama naona?"

"Ungeweka maandishi. 'Ninaona.'"

"Hivyo angefanya kila mtu."

Mpiga kamera wake alikuwa amemwambia kwamba kioo cha njano kikiwekwa mbele ya kamera huitia buluu kivuli, isitoke nyeupe tena. Kioo cha njano hawakuwa nacho. Ngazini kwetu kilikuwapo. Ila kioo hicho hula mwanga, kwa hiyo walingoja Julai, saa sita mchana, ndani ya jumba la vioo ambamo hata mbwa alikataa kuingia. Mpiga kamera alizungusha mkono wa kamera polepole ili mwanga uingie wa kutosha, na kwa kuwa picha iliyopigwa hivyo hukimbia ikionyeshwa, Rehbein naye ilibidi ageuke polepole, polepole mno, ili kwenye pazia la sinema aonekane anageuka kama mtu wa kawaida. Rangi ya njano ilimyeyuka Adele usoni ikamtiririka hadi kwenye kola. Walikuwa na nafasi ya kupiga mara moja tu.

Tajiri alikitazama kipande kile peke yake, mlango umefungwa. Alipotoka alisema ni giza, hakuna atakayeelewa kitu, na hata akielewa, nani atakuja kumtazama Rehbein akiona? Wakapiga mwisho mwingine asubuhi moja: mzee anagongwa na gari la bia. Filamu ilipendwa, ikafika hadi Breslau. Mwisho alioutunga yeye, Mjomba Rehbein hakuwahi kuuona hata mara moja.

Yaliyofuata anayasimulia haraka. Vita vilipokuja alikuwa na miaka arobaini, na karani wa jeshi, aliyemjua kwenye filamu, alipomwona mlangoni aliinuka akasema, "Sasa wanaleta hata vipofu." Wakampeleka kulinda reli Küstrin. Aliporudi Berlin, kwenye kila kituo cha tramu alikaa askari mwenye miwani nyeusi na mkebe wa viberiti vya kuuza. Siku hiyohiyo alivunja fimbo yake akaitia jikoni. Tajiri alimkumbusha mkataba, naye akamwambia aende kituoni akawasomee wale mkataba huo. Akaigiza mizuka na walozi kwa miaka michache. Halafu ikaja filamu mpya, inayoijua buluu. Mwaka 1927 walimjaribu mbele ya kamera, na mpiga kamera, kijana mpole, akamwambia, "Bwana Rehbein, kumbe una macho mazuri. Kama ya karani wa posta." Hawakumwita tena. Kosa la filamu ndilo lililompa kazi, na siku walipolirekebisha, kazi ikaisha. Nilidhani atalisema hilo kwa uchungu. Alikuwa anakatakata vitunguu, akaendelea kukata.

Sasa nifike Novemba hii ya 1930. Mama yangu, Meta Pohlmann, anafanya kazi kiwanda cha kuchapa filamu mwaka wa tisa huu. Anaunganisha vipande kwa gundi, glavu nyeupe mikononi. Jumatatu moja alirudi, akavua viatu, akasema, "Irma, kamwite Mjomba Rehbein. Mwambie asije na biri yake."

Mjomba akaja. Mama akamwambia kiwanda kinasafisha stoo. Filamu za kampuni zilizokufa zinakwenda kuyeyushwa Desemba mosi, zigeuzwe vanishi na rangi ya viatu. Kati ya mikebe ameiona minne yenye jina lake na mchoro wa kinanda.

"Filamu mama?" Mjomba aliuliza. Ndivyo waitavyo ile iliyopita ndani ya kamera yenyewe, ambamo cheusi huwa cheupe na cheupe huwa cheusi.

"Filamu mama. Nimeongea na msimamizi, Bwana Siebke. Anasema ukiipanga atakuchapia nakala moja kwa mabaki ya filamu, bila rangi. Lakini Jumatatu ya Desemba mosi mikebe iwe imerudi."

Mjomba Rehbein alikaa kwenye kiti cha mama bila kukaribishwa. "Na mwisho?"

"Sijui. Sijaifungua."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa miaka kumi na saba alikuwa na neno moja la kumjibu tajiri yule, ambaye sasa ni marehemu, na neno lenyewe liko ndani ya mkebe.

Kupanga kwenyewe si kazi ya kuambiwa. Zamani filamu zilitiwa rangi, usiku buluu, taa njano, bustani kijani, mapambazuko waridi. Ili kurahisisha kutia rangi, filamu mama haikuwekwa kwa mpangilio wa hadithi, iliwekwa kwa rangi. Usiku wote mkebe mmoja, taa zote mkebe mwingine. Mzee anakufa karibu na anapozaliwa, kama si yeye basi mbwa wake. Anayejua kipi kinafuata kipi ni mwongozaji peke yake, na kama amesahau, basi.

Mama alileta mikebe Jumanne. Jumatano ilikuwa Siku ya Toba, hakuna kazi wala shule, tukatandika shuka juu ya meza ya jikoni. Filamu ile huwaka kuliko petroli, kwa hiyo jiko lilizimwa tangu usiku. Tulivaa makoti ndani ya nyumba, tukala mkate na samaki wa chumvi, kahawa ya jana. Bwana Matuschek aliona bomba letu halitoi moshi, akapanda ghorofa zote nne kuja kuuliza.

"Bi Meta, nimesikia umeokoka. Umeacha kuota moto?"

"Tunapanga filamu ya Bwana Rehbein."

"Ile aliyokula keki?"

"Nyingine," alisema Mjomba bila kuinua kichwa.

"Rehbein, mimi nakufahamu miaka ishirini. Wewe unanipotezea mteja kwa sababu ya picha ambayo hata wewe ndani yake huoni kitu." Akanigeukia. "Irma, ukiganda njoo dukani kwangu. Makaa hayaigizi."

Alipoondoka tuliendelea. Mjomba alishika kila kipande dirishani, sekunde mbili, akasema, "Baada ya mfua nguo, kabla ya mvua," na mama akakitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na mimi nikaandika namba. Vipande mia moja arobaini na kimoja. Alikosea kimoja tu, mama akamsahihisha, kwa sababu mbwa alikuwa tayari amelowa. Kufikia saa tisa alasiri hadithi yote ilikuwa inaning'inia jikoni kwetu, kuanzia kwenye kabati mpaka mlangoni. Gari la bia lilikuwapo. Bandeji haikuwapo.

"Waridi," alisema Mjomba. "Kulikuwa na mkebe wa waridi. Hapa ni minne. Ilikuwa mitano."

Alivaa kofia akaenda kufagia sinema, ingawa siku ile ilikuwa imefungwa.

Kesho yake kazini mama alitafuta wakati wa chakula. Mkebe wa tano ulikuwa na karatasi iliyobandikwa, USITUMIKE, na kwa sababu ya karatasi hiyo ulikuwa umewekwa kwenye sanduku la takataka za mwanzo, si la Desemba mosi, la alasiri ileile. Gari lilikuwa limeshafika uani. Mama aliutia mkebe chini ya aproni, akarudi mezani kwake akiwa amejishika tumbo. Bwana Siebke alimtazama anavyopita.

"Bi Meta, asubuhi ulikuwa mwembamba."

"Ni kabichi, Bwana Siebke."

"Kabichi yako isikae karibu na taa," alisema msimamizi, akageukia mambo yake.

Kipande chenyewe kilikuwa kifupi, urefu wake kama chumba chetu mara mbili. Mjomba alikishika dirishani, kisha akampa mama. "Wewe unasoma kinyume kila siku. Mimi siamini macho yangu."

Mama alivaa miwani. Sisi tulisimama. Kwenye vipande vingine vyote, ambamo kila kitu kiko kinyume, macho ya Mjomba yalikuwa meusi kama vifungo. Mama alivuta kipande taratibu, picha kwa picha.

"Bandeji. Bandeji. Kope zimefungwa," alisema. "Hapa anafumbua." Akakisogeza karibu zaidi na dirisha. "Yana weupe. Ottokar, hapa macho yana weupe. Yatatoka na giza."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akimwita kwa jina lake la kwanza, na sijamsikia tena. Tulilikata gari la bia kwenye hadithi, mama akagundisha bandeji mahali pake.

Bwana Siebke akachapa nakala kama alivyoahidi, sasa ikabaki kuionyesha. Bi Kubisch, mwenye sinema, ni mjane mwenye sauti ya kuuza samaki, na ni yeye mwenyewe hupiga piano zinapoonyeshwa filamu za kimya, akitafuna peremende. Jumapili iliyofuata ilikuwa Jumapili ya Wafu, hakuna burudani. Akatoa ile ya baada yake, ya kwanza ya Adventi, saa nane mchana, kabla ya filamu kubwa, bure kwa majirani. Alitaka jambo moja tu.

"Rehbein, mwishoni tia maandishi. Neno moja. 'Ninaona.' Vidole vyangu vijue nipige cha furaha."

"Hapana."

"Watu wangu wamezoea filamu zinazoongea. Wao hata mvua wanataka iwaambie inanyesha."

"Wasipoelewa, tajiri alikuwa na haki, na mimi nitaendelea kuchana tiketi."

"Na wakielewa?"

"Nitaendelea kuchana tiketi."

"Sasa tofauti iko wapi?"

"Iko," alisema Mjomba.

Walikuja kama watu sitini, wengi kwa kuwa ukumbi una joto. Bwana Matuschek alikuja akiwa amenawa uso, shingo bado nyeusi, akakaa mstari wa mbele. "Nimekuja kumwona kipofu asiyeona," aliwatangazia, "bure." Mama alikaa karibu na mlango. Mjomba hakukaa. Alisimama nyuma ya viti, pale asimamapo kila siku, mgongo ukutani, na mimi nikasimama naye kwa sababu nilitaka kumtazama yeye kuliko filamu.

Nusu saa ya kwanza waliicheka. Si kwa ubaya. Nguo zilikuwa za kizamani, na watu walitembea kama wanaungua miguu. Mbwa alipigiwa makofi. Macho meupe yalipotokea karibu, mwanamke mmoja alisema, "Mungu wangu," na kicheko kikapungua. Kisha hospitali. Kisha bandeji. Nikaanza kuogopa jambo ambalo halikuwa limenijia kabla: hawa wote wamezoea filamu mpya, ambamo kila mtu ana macho. Mzee akifumbua macho na macho yakawa macho, kuna nini cha kushangaa? Huenda tajiri alikosea mwaka 1913, lakini mwaka 1930 akawa sawa.

Bandeji ikafunguka mzunguko baada ya mzunguko. Bi Kubisch aliacha kupiga piano, vidole vikiwa hewani. Picha ilikuwa na ukungu, kioo cha ngazini si kioo cha kamera. Mzee akafumbua. Macho yalikuwa na giza ndani, yalikuwa na mahali pa kutazamia. Akageuka polepole kuelekea kwa binti, naye Adele akasimama pale, amejaa pazia zima, rangi inamtiririka kutoka kwenye paji hadi kidevuni kama mshumaa uliosahauliwa, akitabasamu.

Mjomba Rehbein alikuwa amefumba macho. Kweli, alikuwa amefumba, anasikiliza, kama alivyozoea.

Kutoka mstari wa mbele Bwana Matuschek akasema, si kwa kelele, kama mtu anayetoa ushauri:

"Daktari, mfunge tena."

Ukumbi mzima ukaanguka kicheko. Mwanamke aliyesema Mungu wangu alipiga kiti cha mbele yake. Bi Kubisch alicheka mpaka peremende ikamtoka, ndipo akaanza kupiga cha furaha, kwa nguvu, akikosea.

Mjomba alifumbua macho. "Kasema nini?"

"Kasema daktari amfunge tena."

"Amfunge tena," alirudia polepole. "Kwa hiyo ameona."

"Ameona."

"Na Matuschek ameona kwamba ameona."

"Wote wameona, Mjomba."

Ndipo akacheka, bila sauti, mabega yakitikisika, mpaka taa zilipowaka. Kisha akaenda mlangoni, kwa sababu watu wa filamu kubwa walikuwa wamefika na tiketi zao. Bwana Matuschek alipita akitoka, akasimama mbele yake. "Rehbein, yule msichana ulimpata wapi?"

"Ilikuwa Julai, mchana. Jua lile lingekuyeyusha hata wewe."

"Mimi sipakwi rangi," alisema Matuschek. "Yangu ni ya kazi." Akamshika bega, akamwachia alama tano nyeusi kwenye koti la kazi.

Jumatatu mama alirudisha mikebe yote mitano. Bwana Siebke aliihesabu, akasema kabichi imepona, na gari likaondoka nayo. Nakala iko kwenye kabati la chuma la Bi Kubisch, nyuma ya jukwaa. Jikoni kwetu moto unawaka.

Jana nilipotoka shule nilimkuta Mjomba Rehbein kwenye ghorofa ya tatu, amesimama juu ya kiti, kisu cha siagi mkononi, lami ya kugandishia vioo kwenye sahani ya supu. Kioo cha njano alikuwa nacho miaka yote, chini ya droo, kimefungwa kwa gazeti la mwaka ule. Kona moja imemeguka, na upepo unapita pale ukipiga mluzi mwembamba.

Bwana Matuschek alikuwa anapanda na gunia mgongoni. Akasimama, akatazama juu. "Safi sana. Sasa ngazi zitakuwa na giza, nianguke na makaa."

"Ukianguka," alisema Mjomba akiwa bado anapaka lami, "nitakutafutia daktari. Namfahamu mmoja."